Kuitambua manowari ya matanga kwa ramani na modeli yake

Mimi ni seremala wa modeli za vyombo hapa Unguja. Watu huniletea picha ya merikebu yenye mizinga wakiuliza, "Fundi, hii si Liverpool, manowari ya Sayyid Said, sultani wa Unguja?" Jambo la kwanza nawaambia wafunike jina. Kibao cha jina mtu yeyote anaweza kukipigilia, hata miaka mia baadaye.

Chukua futi. Ramani nyingi, yaani michoro ya ujenzi, za manowari za Uingereza za karne ya 18 zilichorwa kwa kipimo cha 1:48, na modeli nyingi za zama hizo zilifuata kipimo hicho. Pima sitaha ya chini ya mizinga, omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Ukipata kama sentimita 107, chombo chenyewe kilikuwa na mita 51 hivi, saizi ya Bellona ya 1760, manowari ya mizinga 74. Sentimita 95 ni frigeti, manowari ndogo yenye safu moja kamili ya mizinga, ya aina ya Trincomalee, iliyojengwa Bombay kwa msaji, ikashushwa majini 1817, na mpaka leo inaelea Hartlepool, Uingereza.

Sasa hesabu matundu ya mizinga, ubavu mmoja, sitaha kwa sitaha. Hapa usiharakishe. Manowari ya 74 kwa kawaida ina mizinga 14 chini, 14 juu yake, 7 kwenye sitaha ya tezi na 2 ya omo: 37 kila ubavu. Matundu yanaweza kuzidi hapo, maana lile la mbele kabisa mara nyingi halikuwekewa mzinga, lilitumika kupitishia kamba. Tena kabla ya 1817 Waingereza waliacha kuhesabu karonadi nyingi, ile mizinga mifupi, kwa hiyo frigeti "ya 38" ilibeba zaidi ya 38.

Tezi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Victory, manowari ya Uingereza, iliposhushwa 1765 ilikuwa na roshani za wazi nyuma. Matengenezo yaliyokwisha 1803 yakaziziba. Modeli ya Victory yenye roshani basi inaonyesha chombo kabla ya vita vya baharini vya Trafalgar vya 1805. Tazama na chini ya maji: kufunika sehemu hiyo kwa bamba za shaba kulienea katika manowari za Uingereza kuanzia kama 1780. Milingoti na kamba uziache mwisho, kwa sababu hizo ndizo mafundi wa baadaye hubadilisha.

Halafu ujue ramani moja ilijenga vyombo vingi. Waingereza waliiteka frigeti Hébé ya Wafaransa 1782, wakachukua umbo lake, wakajenga ukoo mzima wa frigeti ulioitwa Leda, Trincomalee akiwamo. Ramani za kwanza za Trincomalee zilipotea njiani kwenda Bombay pamoja na frigeti Java, iliyotekwa na Wamarekani Desemba 1812, ikabidi zitumwe nyingine. Kwa hiyo mistari ya ubavu itakupa ukoo tu. Chombo chenyewe kitafute kwenye nakshi za tezi, sanamu ya omo, na masahihisho ya wino wa rangi nyingine kwenye ramani.

Turudi kwa Liverpool. Ilijengwa Bombay 1826, mizinga 74, na 1836 Sayyid akamtunuku Mfalme William IV, ikaitwa Imaum. Lazima iwe na safu mbili kamili za matundu. Picha nyingi ninazoletewa zina safu moja. Hiyo ni frigeti, na Sayyid alikuwa nazo pia, Shah Alum mojawapo, anzia huko.