Kugawana data za usanifu wa mradi wa maji bila pointi kupishana

Mwongozo huu ni wa timu ndogo inayosanifu mradi wa maji ya mserereko, ambayo mpimaji wake yuko Makete, msanifu wa mabomba yuko Mbeya na mhandisi wa matenki yuko Iringa.

Hatua ya 1. Fungueni folda moja ya pamoja, na kila faili liwe na mwenyewe mmoja, ambaye peke yake ndiye analibadilisha. Napendelea Syncthing, programu ya kulinganisha folda kati ya kompyuta, kwa kuwa hupeleka sehemu zilizobadilika tu na huendelea ilipoishia umeme unaporudi, ilimradi kompyuta moja iwe inawaka muda wote. WhatsApp ibaki ya kuarifiana tu.

Hatua ya 2. Jina la faili libebe tarehe, mwaka ukitangulia. Neno "mwisho" lisitumike kabisa.

Hatua ya 3. Kila faili la pointi liambatane na maelezo ya mfumo wa koordineti, na hapa msiwe na haraka. Ramani nyingi za zamani nchini ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, ilhali GPS hutoa WGS 84, mfumo wa dunia nzima, na katika UTM (koordineti za mita zinazoigawa dunia katika kanda) pointi ileile hupishana takriban mita 300 kaskazini-kusini, umbali unaotosha kulihamishia tenki ng'ambo ya korongo. Katika QGIS, programu ya ramani, kulitajia tabaka (seti ya data kwenye ramani) mfumo wake hubadilisha lebo tu na namba hubaki zilezile. Anayetaka pointi zihame kutoka EPSG:21036 (namba ya Arc 1960 katika UTM kanda ya 36 kusini) kwenda EPSG:32736 (WGS 84 katika kanda hiyohiyo) ni lazima alihifadhi tabaka upya kama faili jingine lenye mfumo huo wa pili. Tena, Mbeya, Njombe na Iringa mjini ziko kanda ya 36, lakini ukiteremka hadi Ruaha Mbuyuni umeshaingia kanda ya 37, kwa hiyo mradi unaogusa pande zote mbili uchague kanda moja na kubaki nayo. Mwisho, kagueni kwa macho safu za CSV, yaani faili la jedwali lenye namba zilizotenganishwa kwa mkato: jirani na jiji la Mbeya, namba ya mashariki ina tarakimu sita, kama 549000, na ya kaskazini ina saba, kama 9015000. Safu zikibadilishana, AutoCAD, programu ya kuchorea, huzipokea bila kulalamika.

Hatua ya 4. Michoro iliyounganishwa itumie njia za folda zisizotaja diski ya mtu, na inapotoka nje ya timu ifungashwe kwa eTransmit, zana ya AutoCAD inayokusanya mchoro na mafaili yake yote, pamoja na PDF yake.