Intaneti Ikizimwa: Duka Liendeshwe kwa Nyota na Reli

Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikarudi tarehe 18. Waliokuwa na VPN walijiona wamejikinga. VPN hukwepa kizuizi kilichowekewa tovuti fulani, kama Facebook. Bomba lenyewe likifungwa, haina pa kupitia.

Kwa hiyo tenganisha kwanza njia zako za pesa. Programu ya kwenye simu hutaka intaneti. Nyota na reli, yaani *165# ya MTN na *185# ya Airtel, hazihitaji, hata kitochi kinazipiga. Zizoee sasa: mtumie mwenzako 1,000, angalia salio, toa kidogo. Aliyezoea kufungua programu kwa alama ya kidole mara nyingi PIN ameshaisahau, na akibahatisha mara kadhaa akaunti inafungwa.

Lakini nyota na reli nazo hufungwa. Kwenye uchaguzi wa Februari 2016 hata pesa za simu zilisimamishwa. Hapo kinachookoa ni noti. Chukua gharama za duka za siku moja, zidisha kwa tano, na utoe pesa hizo kidogo kidogo kuanzia wiki mbili kabla. Wiki ya mwisho kila mtu hutoa, na wakala hubaki na floti tele kwenye simu huku droo ikiwa tupu. Kumbuka kodi ya kutoa ni 0.5%: ukitoa 400,000, serikali inachukua 2,000, mbali na ada ya kampuni. Ndiyo maana ni nafuu kuwaomba wateja walipe taslimu siku hizo kuliko kupokea kwenye simu kisha kuzitoa. Weka na chenji: sarafu za 200 na 500, noti za 1,000. Chenji huadimika upesi kuliko pesa kubwa.

Yaka, umeme wa kulipia kabla, nunua ya wiki nzima. Tokeni ina tarakimu 20. Ziingize kwenye mita papo hapo, usiziache kwenye ujumbe wa simu inayoweza kupotea.

Namba za wauzaji wa jumla wa Kikuubo, soko la Kampala, ambao umezoea kuwaagiza kwa WhatsApp, ziandike kwenye karatasi na uibandike ukutani. Simu ya sauti ilifanya kazi 2021.

Daftari la mikopo liwe na tarehe, jina, bidhaa, kiasi na sahihi ya mteja. Bila sahihi, wiki ijayo mtabishana.

Na matapeli huipenda hali hii. Mteja anakuonyesha ujumbe, "Umepokea 85,000", uliotoka kwa namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma. Usiusome huo. Piga nyota zako mwenyewe, angalia salio, linganisha na salio la mwisho uliloandika daftarini. Halijapanda? Sukari ibaki kaunta.