Vifaa vya kuanzia kwa anayetengeneza gari lake nyumbani

Achana na seti ya vipande 150. Nusu yake ni biti ndogondogo utakazopitisha mwaka bila kuzishika, na mara nyingi saizi unayoitaka imerukwa. Fungua boneti kwanza, uangalie bolti. Magari mengi ya Kijapani yanatumia saizi za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Ya Ulaya yana 13, 15, 16 na 18 kwa wingi, pamoja na bolti za Torx, zenye nyota ya ncha sita.

Spana ziwe za mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili. Bolti iliyokaza ilegeze kwa ringi. Mdomo unashika pande mbili tu, ukilazimisha unakula kona za bolti. Spana malaya, ile ya kurekebisha upana wa mdomo, ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, maana taya lake hucheza. Namba 10 nunua mbili: ndiyo inayotumika sana, na ndiyo inayopotea.

Pesa nyingi ziweke kwenye soketi na racheti, yaani mpini wenye meno ndani unaozungusha soketi upande mmoja na kurudi bila kuigeuza. Chagua soketi za kona 6. Za kona 12 huingia kirahisi palipobana, lakini hushika karibu na ncha za kona, kwa hiyo kwenye bolti yenye kutu zinateleza. Kwa kazi za injini racheti ya inchi 3/8 inatosha. Hesabu meno yake: ya meno 72 inashika kila nyuzi 5 za mzunguko, ya meno 24 inataka nyuzi 15, na nyuma ya alternata mkono unaweza usipate hizo 15. Usiichomeke bomba ili kuongeza nguvu, meno ya ndani yatakatika. Nati za magurudumu na bolti sugu zina mtaimbo wake: mpini mrefu wa nusu inchi usio na racheti. Ongeza ekstensheni (vipande vya kurefushia) za mm 75 na 150, na soketi ya plagi inayolingana na gari lako, aghalabu mm 16 au 21.

Bisibisi za nyota namba 1 na 2, bapa moja, plaizi ya kawaida na ya mdomo mrefu, alenki, nyundo ya gramu 500. Basi. Ila skrubu yenye nukta ndogo kichwani, hasa kwenye pikipiki za Kijapani, ni ya JIS, kiwango cha Kijapani. Bisibisi ya Phillips, yaani ya nyota ya kawaida, hupanda nje na kuiharibu.

Spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, ni ya kukazia tu, si ya kulegezea. Nati za magurudumu ya magari mengi madogo hukazwa Nm (nyutoni-mita) 90 hadi 120, lakini fuata kitabu cha gari. Ukimaliza, irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa, la sivyo springi huchoka na kipimo kinadanganya. Na kama utaingia chini ya gari, stendi mbili ni lazima. Jeki ni ya kuinulia tu.

Sanduku linunuliwe mwisho. Pima kifaa kirefu kuliko vyote. Mpini wa mm 600 hauingii kwenye sanduku la 400. La chuma lenye trei zinazofunguka ni imara, ila likijaa hulibebi kwa mkono mmoja. La plastiki likague bawaba na vibanio, ndivyo huvunjika kwanza. Futa vifaa kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla ya kuvirudisha. Soketi zipange kwenye reli kwa saizi. Ukiona pengo, itafute kabla hujawasha injini.