Begi la Kamera la Kupanda Nalo Ndegeni: Anza na Mizani

Saa kumi na moja alfajiri, kaunta ya ndege, begi langu la kamera liko juu ya mizani na namba zimesimama kwenye 8.9. Tiketi inaruhusu kilo 7. Dada wa kaunta hakusema neno, alichukua lebo akaanza kuifunga kwenye mshikio. Ndani kulikuwa na kamera mbili, lenzi tatu na laptopu, na harusi ya mdogo wangu Tanga ilikuwa imebakiza siku nne. Nilipiga magoti palepale sakafuni, foleni nzima ikinitazama. Kamera zote mbili nilizivaa shingoni, lenzi mbili zikaingia mifuko ya koti, betri zikaingia mifuko ya suruali, laptopu nikaikumbatia. Lenzi ya tatu, ile ndefu, sikuwa na pa kuitia. Ikabaki kwenye begi, na begi likaenda chini, kwenye tumbo la ndege.

Nilipolifungua Dar es Salaam, pete ya mbele ya lenzi ilikuwa imebonyea na kioo kimepata ufa. Begi lenyewe halikuwa na hata mkwaruzo. Lilikuwa begi zuri, la bei, limejaa sponji na mifuko kila upande. Nikiwa bado na hasira, niliazima mizani nikalipima likiwa tupu: kilo 2.9.

Namba hiyo ndiyo iliyonitesa, na ndiyo sababu ya kuwaandikia ndugu zangu mnaorudi nyumbani na kamera, iwe kwa harusi, arobaini, mahafali au kazi ya kulipwa. Wengi tunachagua begi la kamera kwa kuhesabu mifuko, kushika sponji na kuangalia rangi. Uzito wake likiwa tupu hatuuulizi, na dukani mara nyingi umeandikwa kwa maandishi madogo kabisa.

Fanya hesabu nami. Seti yangu ya sasa ni ya kawaida kwa mpiga picha za harusi. Kamera za Sony A7 IV mbili, kila moja gramu 658 ikiwa na betri na kadi ndani. Lenzi ya Sony ya 24-70 GM II ni gramu 695. Ya 70-200 GM II ni gramu 1,045 bila kola yake, ile pete ya kuifungia kwenye tripodi. Ya 35 f/1.4 GM ni gramu 524. Betri mbili za akiba ni gramu 166. Hapo tumeshafika kilo 3.7 na ushee. Ongeza laptopu ya kilo 1.55, kisha chaja, diski na nyaya, tuseme nusu kilo. Jumla ni kilo 5.8. Kwenye ruhusa ya kilo 7 umebakiwa na kilo 1.2 tu kwa ajili ya begi, na mabegi mengi ya mgongoni yanayouzwa kwa jina la begi la kamera huwa kilo 2 na kuendelea yakiwa matupu. Yale ya magurudumu ndiyo mazito zaidi, kilo 3 hadi 4 na zaidi kabla hujaweka hata kifuniko cha lenzi. Kwa mtu anayeruka kwa ruhusa ya kilo 7, begi la magurudumu mimi simshauri kabisa.

Ruhusa yenyewe hutofautiana mno, na hapo ndipo wenzetu wanapopotea kwa kuulizana. Anayeishi London na kuruka moja kwa moja kwenda Nairobi na British Airways anaruhusiwa begi la hadi kilo 23 ndani ya ndege, mradi aweze kulinyanyua mwenyewe hadi kwenye kabati la juu ya viti. Huyo atakwambia begi la magurudumu halina tatizo, naye anasema kweli kwa safari yake. KLM wanampa abiria wa daraja la kawaida kilo 12 kwa jumla, begi pamoja na mkoba mdogo. Turkish Airlines ni kilo 8. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian, ambazo zinabeba wengi wetu kwenda Dar, Entebbe, Kigali na Nairobi, ni kilo 7. Namba hizi hubadilika, kwa hiyo angalia tiketi yako mwenyewe. Na kama safari ina mashirika mawili, shika ruhusa ndogo kuliko zote, maana hutajua ni kaunta ipi itakayokupima.

Vipimo vya urefu navyo vina mtego wake. Begi la urefu wa sentimita 55 linapita kwa Emirates, KLM na Turkish. Qatar Airways wanataka 50 kwa 37 kwa 25. Ukinunua begi la 55 umelipa pesa kwa sentimita tano ambazo siku moja zitakuponza Doha. Nunua la 50. Na upime likiwa limejaa: begi laini likishindiliwa hufura tumboni, na kipimo cha unene ndicho kinachokwama kwenye kile kisanduku cha chuma cha kupimia.

Sasa begi gani? Baada ya lenzi ile kuvunjika nimetumia mpangilio mmoja tu, na sijautupa kwa sababu umeniokoa zaidi ya mara moja. Ni vitu viwili tofauti: begi jepesi la kitambaa, la kawaida kabisa, na mfuko wa ndani wa sponji wenye zipu yake, mshikio wake na vipande vya velkro vya kugawa vyumba. Tenba wanauza mifuko hiyo kwa jina la BYOB, F-Stop na Shimoda wanauza begi na mfuko wa ndani kila kimoja peke yake, na iko mingi ya bei nafuu isiyo na jina. Wangu una gramu 480. Begi la nje lina gramu 620. Jumla kilo 1.1, na seti yote niliyoitaja inaingia kwenye kilo 7 ikibaki nafasi ya pasi ya kusafiria.

Lakini uzito ni nusu tu ya faida. Nusu ya pili utaiona getini. Ndege ikijaa, wanaanza kukusanya mabegi ya mwisho wayapeleke chini, hata yaliyopita kwenye mizani. Ukiwa na begi la kamera la kawaida, kamera zimeshonewa humo humo, utarudi kwenye magoti kama mimi. Ukiwa na mfuko wa ndani, unafungua zipu moja, unautoa mzima kwa mshikio wake, unampa mhudumu begi la nje lenye chaja na nyaya, unapanda ndege na kamera zako na laptopu mkononi. Inachukua sekunde kumi. Kwa hiyo mfuko huo uchague wa kuingia chini ya kiti cha mbele. Kipimo cha 40 kwa 30 kwa 15, ambacho KLM na British Airways wanakitumia kwa mkoba mdogo, ndicho ninachokishika mimi.

Na hapo getini lipo neno moja la haki ambalo kila mpiga picha alijue. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Ni kanuni ya usalama ya kimataifa, kwa sababu betri ikishika moto ndani ya ndege wahudumu wanaweza kuukabili, lakini kule chini hakuna mtu. Kwa hiyo ukiombwa begi, sema kwa adabu: "Dada yangu, humu mna betri za akiba za lithiamu na vioo. Naomba nitoe mfuko huu, begi lililobaki ulichukue." Sijawahi kukataliwa. Kugomba ndiko kunakomfanya mtu akazane.

Betri za kamera hazina shida ya ukubwa. Mpaka ni wati-saa (Wh) 100 kwa kila betri bila kuomba ruhusa. Ile ya Sony niliyoitaja ina 16.4, na za Canon na Nikon za aina hiyo ziko humo humo. Kutoka 100 hadi 160 lazima shirika likukubalie, na zisizidi mbili za akiba. Zaidi ya hapo hazipandi. Kama betri imeandikwa mAh tu, zidisha kwa volti ugawe kwa 1,000: pawabenki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74. Kuhusu pawabenki, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates wanaruhusu moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Isiwe kwenye kabati la juu pia. Kwa hiyo begi liwe na mfuko wa nje unaoweza kuichomoa bila kusumbua kamera. Betri za akiba zivalishe vifuniko vyake, au bandika utepe kwenye vichwa vya shaba visigusane na funguo.

Laptopu nayo iwe na chumba chake chenye zipu ya nje. Pale JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, unashuka kwenye gari ukaguliwe kabla hata hujafika kwenye jengo, kisha unakaguliwa tena ndani. Dar ni hivyo hivyo, mlangoni na tena kabla ya geti. Begi linalokulazimu kulilaza na kulifungua kama kitabu kila mara litakuchosha, na kila ukifungua, lenzi zote ziko wazi kwa macho ya watu. Ndiyo maana napenda pia begi lisilo na jina la kampuni ya kamera mgongoni. Ukishuka Kariakoo au River Road, begi la kitambaa lililopauka linavuta macho machache kuliko lile jeusi lenye nembo.

Msafiri wa kwenda mikoani au visiwani asisahau kipande cha mwisho. Kwenye Cessna Caravan za kwenda Tanga, Pemba, Mafia au Serengeti, na zile za kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, ruhusa ya kawaida ni kilo 15 kwa vyote, nguo, zawadi na kamera kwa pamoja, na wanataka mabegi laini. Sanduku gumu la plastiki ambalo Ulaya unaliona ulinzi halisi, pale halina mahali pa kuingia. Mimi huacha sanduku la zawadi kwa shangazi Dar, lije na basi.

Tripodi iende chini, imefungwa kwa kanga mbili ambazo hata hivyo unampelekea mama. Kisu kidogo na bisibisi ndefu vikae huko huko. Droni isipande kabisa kama huna kibali mkononi, Kenya na Tanzania zote mbili zinataka kibali kabla hujafika, na forodha wataizuia. Koti lenye mifuko mikubwa livae hata kama unakwenda kwenye joto. Kilichoko mwilini sijawahi kuona kinapimwa.

Kuhusu fidia, usijidanganye. Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unaweka kikomo cha fidia ya shirika kwa mzigo wa abiria mmoja kuwa SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) tangu mwisho wa mwaka 2024, ambayo ni dola 2,000 na kidogo. Lenzi ya 70-200 peke yake ilipotoka 2021 iliuzwa karibu dola 2,800. Mashirika mengi yanaandika pia kwenye masharti yao kwamba vitu vya thamani na vinavyovunjika visiwekwe chini, na hapo ndipo madai yangu yalipokwama. Kama limekufika, andika madai pale pale uwanjani kabla hujatoka, na kwa vyovyote ndani ya siku 7 tangu upokee mzigo. Namba za kamera na lenzi ziandike mapema, piga picha za risiti, vitu hivyo viwe kwenye simu. Walioko Marekani wana fomu 4457 ya forodha ya huko, inayogongwa muhuri kabla ya kuondoka ili ukirudi usiulizwe kama kamera umeinunua safarini.

Usiku wa kuamkia safari, weka begi lililojaa kwenye mizani ya kushika mkononi. Inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Kama imesoma 6.9, acha hivyo hivyo. Usiongeze hata chokoleti za watoto, hizo ziende chini.

Na ukifika, begi usilifungue mara moja. Kamera iliyokaa saa nane kwenye baridi ya ndege ikitolewa ghafla kwenye joto la Mombasa au Tanga inalowa, ukungu unafunika kioo na unyevu unaingia mpaka ndani. Wengi hufundishwa kuifunga kwenye mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo sponji yenyewe ndiyo ifanye kazi hiyo. Zipu ibaki imefungwa saa nzima, begi liwe chumbani mbali na feni. Watoto watataka kupigwa picha palepale uani. Waambie wasubiri, wakuletee maji ya kunywa kwanza.