Tairi za AT kwa fowili inayovuta tela: anzia kwenye kilo

Wale wageni wanaoingia Tunduma na Land Cruiser inavuta kinyumba cha magurudumu, ndani jiko na kitanda, huwa nawaangalia kwa wivu kidogo maana tela langu mimi linabeba viazi vya Matamba. Ila tairi haijui kama huko nyuma kuna godoro au kuna gunia, inachojua ni kilo, joto na mawe, kwa hiyo haya nayoandika ya tairi za AT, yaani zile za njia zote, lami na vumbi, yanamhusu mwenye kinyumba, mwenye boti ya kushusha Matema na sisi wa viazi pia.

Nianze na ujinga wangu. Mara ya kwanza nilienda Mwanjelwa nikaona tairi ina kashata (yale manundu ya mpira yanayokanyaga chini) kubwa kama matofali, ubavuni maandishi meupe, nikasema hii ndo yenyewe, nikafunga nne. Zilikuwa MT, yaani za tope. Siku ya tope zilinitoa kweli, sina ubishi, lakini tope lenyewe nilikutana nalo labda siku tatu mwezi mzima, siku zingine zote nilikuwa kwenye lami naimba na kelele ya tairi, na kila lori likinipita pale Igawa tela linacheza mkia mpaka jasho linanitoka. Sababu ni hiyo hiyo kashata kubwa: ikiwa ndefu na imeachana sana, kila moja inapinda kivyake ukikata kona, gari inakuwa kama imevaa ndala, na ukiwa na mzigo unaokusukuma kwa nyuma unaihisi mara mbili. Na kwenye lami yenye maji breki yake sio nzuri.

Kwa hiyo kabla hujaulizia bei, kaa chini uhesabu safari zako za kweli, sio zile za kwenye ndoto. Kama ni Mbeya mpaka Makambako na Iringa, unachepuka kilomita chache tu shambani, AT yenye kashata zilizokaribiana inatosha kabisa, na wengine hata HT ya lami ingewatosha sema hawataki kusikia. Kama unaingia hifadhi ya Ruaha kutokea Iringa, pale unapokuta changarawe yenye makunyanzi kama bati, adui yako sio tope, ni joto na mawe yanayochana, hapo tafuta AT yenye ubavu mgumu. Usangu wakati wa masika ni mfinyanzi mweusi unaojaza kashata ndani ya mita kumi tairi inakuwa kama andazi, pale AT ya aina yoyote itateseka, wenye akili wanasubiri pakauke au wanaacha tela Rujewa. Tukuyu na Busokelo mvua ni nyingi mno, kwa hiyo angalia kashata ziwe zimekatwakatwa vimstari vidogo vidogo juu yake, hivyo ndo vinashika kwenye lami yenye utelezi.

Sasa uzito. Hapa ndo watu wengi wanaruka.

Tela lililopangwa vizuri linalaza kama asilimia 10 ya uzito wake kwenye ndoano ya gari. Tela la kilo 1500 maana yake kilo 150 pale nyuma. Lakini ndoano iko nyuma ya ekseli, inafanya kazi kama bembea, kwa hiyo ekseli ya nyuma inapokea kama 200 na mbele inapungua kama 50, ndo maana ukifunga tela usukani unakuwa mwepesi. Chukua pikapu ya dabo kabini ambayo ekseli ya nyuma ikiwa tupu ni kilo 900, weka abiria na vikorokoro vyao 150, weka viazi kwenye bodi 500, weka ile 200 ya tela, unapata 1750, gawa kwa mbili ni 875 kwa kila tairi. Sasa soma ubavu wa tairi. Ukiona 265/65R17 112S, ile 112 ni namba ya mzigo, maana yake kilo 1120 kwa tairi moja ikiwa na upepo kamili, na S ni mwendo wa mwisho, 180 kwa saa. Herufi usihangaike nayo sana, hata Q ni 160 na hakuna mwenye tela anayetafuta huko, kama yupo mwambie ashuke.

Kwa hiyo 875 kwa 1120, inabeba. Watu hawapendi kusikia hivyo kwa sababu mtaani kila mtu anataka tenplai, yaani tairi ya plai kumi. Ila kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Gunia ukiambiwa kilo mia, siku moja nililipandisha kwenye mizani ya stoo likasoma 130, sasa matano ya hivyo sio 500 tena ni 650, na kila tairi ya nyuma imefika 950. Bado iko chini ya 1120 lakini nafasi imebaki ndogo, na kwenye kona au shimo mzigo unahamia upande mmoja. Na pengine ekseli yenyewe umeshaizidishia, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango kama gari yako inacho. Mimi nataka nibaki na nafasi ya robo hivi, ikipungua hapo naenda kwenye LT.

LT ni zile zenye herufi hizo mbele ya saizi, mfano LT265/65R17 120/117. 120 ni kilo 1400 tairi ikiwa peke yake, 117 ni kilo 1285 kama zimefungwa mbili mbili, kwa pikapu yako angalia ile ya kwanza. Plai kumi haina maana ya nyuzi kumi ndani, ni daraja la nguvu tu, huwa imeandikwa Load Range E. Uzuri wake hasa kwetu ni ubavu mgumu, mawe ya kupanda Matamba kutoka Chimala, zile kona Hamsini na Saba, yanauma ubavuni zaidi kuliko chini. Ubaya wake: nzito, zinakula mafuta, na gari ikiwa tupu inakurusha kama umepanda mkokoteni.

Na hili wengi hawalijui hata mafundi wengine. LT inataka upepo mwingi zaidi kubeba mzigo ule ule. Ile 1400 yake inapatikana kwa PSI 80, PSI ndo kipimo cha upepo. Ukitoa tairi ya kawaida iliyokuwa na 36 ukafunga LT ukaiwekea 36 ile ile, imebeba kidogo kuliko ile uliyotoa, halafu inapata joto ndani unasema tairi feki. Kampuni za tairi zinatoa majedwali ya upepo kwa uzito, tafuta la tairi yako.

Saizi, msiongeze hovyo wakuu. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 tairi inakua kutoka kama milimita 776 mpaka 803, gari inanyanyuka sentimita moja na kidogo tu, lakini umeongeza urefu wa gia kwa asilimia 3 na nusu hivi. Bila tela hutaona. Ukiwa na tela unapandisha Kitonga kutokea Ruaha Mbuyuni utaona, geji ya joto itakuambia, na kurudi kushuka injini breki inakushikilia kidogo kuliko zamani. Spidi nayo inadanganya, kisahani kinasoma 100 wewe uko 103.

Tairi za tela lenyewe. Gari watu wanavalisha suti, tela linavaa mitumba ya Corolla. Lile tela la kilo 1500, ukitoa 150 ya ndoano, limebaki na 1350 kwenye tairi zake mbili, yaani 675 kila moja. Tairi ya 175/70R13 yenye namba 82 inabeba kilo 475. Hapo hata hujaingia rafu rodi umeshapita kiwango na kitu, halafu tunashangaa inapasuka Inyala na kulala kwenye mtaro. Chukua zenye C mwishoni, mfano 195R14C yenye 106/104, hiyo 106 ni kilo 950. Kama fundi anaweza kukubadilishia habu ili tela livae ringi na tairi sawa na za gari ndo raha kabisa, spea moja inahudumia vyote, na ekseli ya tela ikiwa na upana sawa na ya gari, magurudumu yake yanakanyaga kwenye njia ile ile iliyokanyagwa na gari. Mimi nilifanya hivyo sijajuta.

Umri: tafuta namba nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT, zikisoma 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa hazipo upande wa nje chungulia upande wa ndani. Muuzaji akikuambia mpya haijatumika, sawa, haijatumika lakini mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Mimi ikipita miaka sita naikagua kwa mashaka, kumi hata kama kashata zimejaa naachana nayo. Na za tela ndo zinazeeka kabla hazijaisha kwa sababu linakaa juani muda mrefu, angalia nyufa nyembamba ubavuni.

Usichanganye saizi wala mpya na kipara kwenye gari moja, hasa kama ni ya fowili muda wote kama Prado, ile difu ya katikati itafanya kazi ya kusawazisha siku nzima mpaka ichoke. Tofauti ya milimita chache kwa kashata vumilia, zaidi ya hapo nunua zote nne.

Upepo pima asubuhi kabla hujatembea. Baridi la Makete mwezi wa saba sio sawa na joto la Mbuyuni saa nane, usije ukapima njiani tairi imepata moto ukaona imepanda ukatoa upepo, ukiamka kesho itakuwa chini. Kipimo changu ni hiki, baada ya saa moja ya mwendo tairi ya kawaida ikipanda zaidi ya kama PSI 4, LT zaidi ya kama 6, ujue ulijaza kidogo au umebeba sana. Kwenye makunyanzi napunguza kama asilimia 15 na mwendo nashusha mpaka 60 hivi, vyote viwili kwa pamoja, ukipunguza upepo ukabaki na 90 na tela nyuma umejichomea tairi mwenyewe. Nikirudi lami najaza, kwa hiyo kampresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni sehemu ya bei ya tairi, usije ukaisahau kwenye bajeti.

Siku ya kufunga simama pale pale. Mwambie akufanyie balansi na alaimenti, abadilishe na vali, halafu nati azikaze kwa msalaba sio kwa kuzunguka. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 simama uzikaze tena mwenyewe, za gari na za tela. Mimi niliwahi kuona gurudumu la tela langu linanipita upande wa kushoto Mbalizi, linaenda zake taratibu tu kama lina safari yake.