Kobe wa Walter kwa transista mbili

Kati ya mwaka 1948 na 1949, katika taasisi ya Burden mjini Bristol, Uingereza, mtaalamu wa ubongo William Grey Walter aliunda kobe wawili wa umeme, akawaita Elmer na Elsie. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima mawimbi ya umeme ya ubongo. Kila kobe alikuwa na magurudumu matatu, jicho moja la kuhisi mwanga, gamba la kuhisi kuguswa, na valvu mbili tu za redio zilizoshika nafasi ya seli mbili za neva. Kompyuta haikuwemo. Hata hivyo walitafuta mwanga, walikwepa vizuizi, na betri zikichoka walirudi kwenye kibanda cha kuchajia.

Sisi tutatumia transista mbili (vijiswichi vidogo vinavyowashwa kwa umeme kidogo) badala ya valvu. Kama una Arduino mezani (kibao kidogo cha kompyuta kinachoandikiwa programu), irudishe kwenye droo. Ukiandika programu utapata roboti inayofuata mwanga, sawa, lakini utakosa kuona njaa, yaani kule kurudi kibandani betri zikichoka, ikijitokeza bila mtu kuiandika.

Vifaa

Mota mbili za gia za volti 3 hadi 6 (zile za plastiki ya njano) na magurudumu yake, gurudumu dogo la kujizungukia, LDR moja (kihisi mwanga kinachopitisha umeme zaidi mwanga ukiongezeka), transista BC337 na BC547, rilei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) ya volti 5 yenye miguu mitano, volyumu (rezista za kuzungushwa) mbili za kilo-ohm 10, dayodi mbili za 1N4007 na moja ya 1N4148, kapasita za mikrofaradi 1000 na 47, rezista (1k moja, 10k mbili, ohm 150 na ohm 100), LED nyeupe yenye mwanga mkali, betri nne za AA na beseni dogo la plastiki.

Hatua ya 1: Mwili

Funga mota mbili nyuma ya ubao na gurudumu la kujizungukia mbele. Kobe wa Walter alikuwa na mota ya kusukuma na mota ya usukani, na jicho lake lilizunguka pamoja na usukani. Hiyo inahitaji waya zisizojisokota, ni usumbufu. Sisi tutazungusha mwili mzima: mota ya kulia inafanya kazi muda wote, ya kushoto inawaka pale tu kobe anapoona mwanga. Gizani anazunguka kuelekea kushoto akitafuta. Akiona, anakwenda mbele.

Kwenye waya wa mota ya kulia weka dayodi moja ya 1N4007 kwa mfululizo, ili gurudumu hilo liwe la polepole kidogo. Usiiruke hii. Kobe anapaswa kupotoka kidogo kwenda kulia anapotembea, maana akiupoteza mwanga atageuka kushoto na kuuona tena mara moja. Akipotoka kushoto, itabidi azunguke duara zima kila anapoupoteza.

Hatua ya 2: Jicho

Ingiza LDR ndani ya mrija mweusi wa sentimita nne hivi, ukitazama mbele. Bila mrija ataona mwanga wa chumba kizima na kwenda moja kwa moja hadi ukutani.

Hatua ya 3: Neva ya kwanza

Mguu mmoja wa LDR uende chanya, mwingine kwenye nukta nitakayoiita J. Kutoka J hadi hasi weka volyumu ya kwanza, ukitumia mguu wa kati na mmoja wa pembeni. Kutoka J pitisha rezista ya 1k hadi besi ya BC337. Emita iende hasi. Koili ya rilei ikae kati ya kolekta na chanya. Kwa BC337 na BC547, ukitazama upande bapa miguu ikiwa chini, kuanzia kushoto ni kolekta, besi, emita.

Dayodi ya pili ya 1N4007 ikae sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Mimi niliisahau mara ya kwanza, na transista ilikufa kabla sijamaliza kujisifu.

Upande wa swichi wa rilei: mguu wa pamoja kwenye chanya, mguu unaofunga rilei ikivuta uende mota ya kushoto, na mguu uliofungwa rilei ikiwa imelala uende kwenye LED kupitia ohm 150. Elekeza LED mbele, ila usiache mwanga wake uingie kwenye mrija. Kapasita ya 1000 ikae kwenye waya za betri, la sivyo mota ya pili ikianza rilei inaweza kutetemeka.

Jaribu kwa tochi chumbani gizani. Rekebisha volyumu mpaka avutwe kutoka mita mbili au tatu.

Hatua ya 4: Neva ya pili

Volyumu ya pili iwekwe kati ya J na hasi kwa miguu ya pembeni. Mguu wa kati upitie 10k hadi besi ya BC547. Emita yake iende hasi, kolekta iende moja kwa moja kwenye besi ya BC337. Mwanga ukizidi, transista hii inaizima ile ya kwanza na kobe anageuka.

Gamba nalo linaingilia hapahapa. Ning'iniza beseni kwa springi laini. Katikati yake shusha kijiti cha waya mgumu kipite ndani ya pete ya shaba bila kuigusa. Beseni likigongwa upande wowote, kijiti kinagusa pete. Pete iende chanya kupitia ohm 100. Kijiti kiende upande chanya wa kapasita ya 47, na upande wake hasi kwenye hasi. Kutoka kijiti, pitisha 10k na 1N4148, mstari ukielekea besi ya BC547. Akigonga kiti, kwa sekunde moja na kidogo haoni mwanga wowote, anageuka tu.

Hatua ya 5: Kioo

Mweke mbele ya kioo gizani, karibu. Anaona LED yake, rilei inavuta, LED inazimika. Haoni tena, inawaka. Anayumbayumba na kumetameta kama anayejishangaa. Walter aliandika kwamba tabia hii ikionekana kwa mnyama, ingeweza kuchukuliwa kuwa dalili ya kujitambua.

Hatua ya 6: Njaa

Weka balbu ndani ya boksi lenye mlango. Kwa betri mpya, rekebisha volyumu ya pili mpaka ageuke akiwa nusu mita kutoka mlangoni. Kisha mwache atembee.

Volti zikishuka, J nayo inashuka, lakini BC547 bado inadai volti 0.6 hivi ndipo iwake. Kwa hiyo mwanga uliomtisha asubuhi haumtishi tena. Tumia betri za kawaida za bei rahisi, kwa kuwa volti zake hushuka taratibu. Za kuchaji hukaa palepale kisha huanguka ghafla. Wakati fulani niliipa saketi betri yake peke yake ili rilei itulie. Ilitulia kweli, na kobe hakuona njaa tena kamwe, mpaka mota zikasimama katikati ya sakafu. Nikarudisha betri moja kwa vyote. Jioni hiyo aliingia ndani ya boksi na kukaa humo akigonga kuta. Nilipombadilishia betri, aligeuka akatoka.