Moshi Arusha bila kupigwa tochi, na bila kuua mtu

Wadau, ukitoka Moshi kwenda Arusha ni kama kilomita 80 hivi, na utapita Kwa Sadala, Boma, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa, Tengeru, kote huko kuna makazi ya watu na watoto wanavuka kwenda shule. Ukiona kibao cha 50 anza kupunguza kabla hujakifikia, maana tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima spidi, inakusoma ukiwa bado mbali na picha ya gari lako inabaki na spidi juu yake, hapo hamna cha kubishana na trafiki.

Hesabu iko hivi, ukiwa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, ukiwa 50 ni mita 14. Mtoto akikatiza ghafla hiyo tofauti ndo uhai wake, kwa hiyo hata trafiki asipokuwepo shika 50 yako.

Zebra simama kabisa, usimpigie mama wa watu honi akimbie na ndoo ya ndizi kichwani.

Ukiandikiwa faini, chukua kontrol namba ulipe kwa simu, usitoe hela mkononi. Halafu kila mwezi ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi uone kama kuna deni, hasa kama umempa mtu gari.

Abiria nanyi, basi likikimbia semeni, mabasi ya mkoani yana VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), unaorekodi spidi, kwa hiyo ukiripoti ushahidi upo.